Mashine Iliyoitika

Watu wa Majoreni hupenda kusema kwamba Waridi binti Mwinyihaji aliponywa na mashine ya Mzungu. Husema kwa fahari, hasa wale ambao hawakuwahi kuiona, na kila anayehadithia huiongeza ukubwa, mpaka siku hizi imekuwa sawa na gari. Haikuwa gari. Ilikuwa kisanduku cha chuma cha rangi ya majivu, kimewekwa juu ya meza ya kulia chakula, na nyaya zake nilizibandika mimi, kwa vidole hivi, kwenye kichwa cha wifi yangu. Kwamba alipata usingizi ni kweli, aliupata na akalala nao mpaka Mungu alipomchukua uzeeni. Lakini namna alivyoupata hawaijui, na mimi nimechoka kuwasikiliza.

Waridi alizaliwa Wasini, akaletwa Majoreni kuolewa na kaka yangu Athmani, fundi seremala. Sikumpenda alipokuja, na sioni sababu ya kuficha. Alikuwa mtu wa taratibu mno. Mchele wake aliuosha mpaka ukachoka. Ukimpa miyaa asuke ukili wa mkeka, angeikagua mmoja mmoja kama anayechagua mume. Nami ni mtu wa haraka, ninapika huku nimeshavaa nguo ya kutokea. Tuligombana, tukapatana, tukagombana tena, mpaka siku moja nikajikuta siwezi kula bila kumpelekea sahani. Ndivyo wifi wanavyokuwa, wakijaaliwa.

Watoto aliwazaa, na Mungu akawachukua wadogo wadogo, akamwachia mmoja tu, Shehe. Huyo alikua, akarefuka, akaota ndevu chache alizozitunza kuliko watu wanavyotunza mashamba. Ulipofika Uhuru, mwezi wa Disemba mwaka wa sitini na tatu, vijana wa kwetu walipanda lori kwenda Mombasa kuona bendera ikipandishwa. Shehe naye alikwenda. Lori lilirudi na vijana wote, wamepotewa na sauti kwa kuimba, ila yeye.

Wenziwe kila mmoja alikuwa na lake. Mmoja alisema waliachana kwenye msongamano wa kivuko cha Likoni. Mwingine aliapa kwamba alimwona Kilindini akizungumza na mabaharia, na kwamba Shehe alikuwa na hamu ya meli siku zote. Wa tatu akasema, kwa sauti ya chini, kuwa kuna mtu alianguka majini pale kivukoni, na hakuna aliyejua ni wa nani. Kaka yangu alikwenda Mombasa, akauliza misikitini, hospitalini, polisi na bandarini. Akarudi mikono mitupu, hana hata kofia ya mwanawe. Nchi nzima ilikuwa ikishangilia, na sisi tulikuwa tukishtuka kila mtu alipobisha hodi.

Mwaka ulipopita, Athmani akasema asomewe hitima. Alisema mtoto wa Kiislamu hawezi kuachwa hewani, si hai si maiti, ana haki ya kuombewa. Waridi alikuwa akipepeta mchele. Akaweka ungo chini, akamjibu mbele yetu sote.

"Atakayemsomea hitima mtu aliye hai, aanze kunisomea mimi. Mji ule ni mkubwa, na meli huenda mbali. Tungoje."

Neno hilo likaivunja nyumba. Kila Disemba lilirudi upya. Athmani alidai hitima, Waridi akakataa, na mara moja kaka yangu alihamia kwenye banda lake la useremala, akalala juu ya mbao kwa hasira. Majirani nao waligawanyika, kwa kuwa watu hawakosi la kusema katika nyumba ya mwenzao. Mimi nilikuwa upande wa Athmani, na Waridi alijua hivyo, wala hakuikataa sahani yangu.

Usingizi ulimtoka tangu siku ya lori. Alikuwa akilala kama mtu aliyekaa kitako, sikio mlangoni. Upepo ukigusa makuti, kashainuka. Moyo ulimwenda mbio bila kazi, kichwa kikamuuma upande mmoja, akakonda mpaka nguo zikawa zinamvaa yeye. Tukampeleka kwa mganga wa pepo, maana kwetu mtu akiwa hivyo, jambo la kwanza ni kuuliza ana nini kichwani. Pepo kila mmoja ana ngoma yake na wimbo wake, na ukipigwa wake hupanda. Mganga alipiga zote anazozijua, za bara na za pwani, mpaka wapigaji wakachoka mikono. Waridi aliwatazama kwa adabu, kama mgeni aliyepewa chakula asichokipenda. Mwisho yule mganga, mtu mkweli kuliko nilivyomdhania, akasema hawezi kutudanganya. Huyu hana pepo, alisema, ana mwana.

Miaka ikaenda. Mnamo mwaka wa sitini na tisa Athmani alipata kazi Diani, kutengeneza milango ya nyumba moja ya ufukweni aliyoipanga daktari wa Kizungu. Jina lake lilikuwa Brandt, na watu wakamwita Dokta Brandi, Mungu atusamehe, ingawa hakuwa mlevi. Alikuwa mtaalamu wa vichwa. Alikuja kwa miezi michache na mashine yake, akitafuta watu wasiolala na wenye hofu zisizoisha, awatibu bila dawa na bila malipo. Athmani, akipiga randa mlango, alimweleza habari za mkewe. Jumamosi akarudi nyumbani kutuambia, na mimi nilijua moyoni anachotaka. Alitaka Waridi atulie kichwa ili akubali hitima. Waridi naye alijua. Alikubali kwenda kwa sababu alikuwa amechoka, basi.

Tukafikia Ukunda kwa dada yangu, na kila asubuhi tukaenda Diani kwa miguu. Mkalimani wa daktari alikuwa kijana aitwaye Nzai, Mduruma wa Kinango, mtoto wa wafugaji aliyesomeshwa na wamisheni. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha vitabuni, kila neno limevaa viatu. Alitupa shikamoo, akatukaribisha, akatupa maji. Nilimpenda hapo hapo, jambo ambalo si kawaida yangu.

Shida ya kwanza ilikuwa nywele. Nyaya zile zina vibati vidogo mfano wa vifungo vya shati, na lazima vishike kwenye ngozi ya kichwa. Waridi hangefunua kichwa mbele ya wanaume wawili, hata angekufa. Nikasema basi, wao wakae nyuma ya pazia na kisanduku chao, nyaya zipite chini, na mimi nifundishwe kubandika. Daktari akacheka, akakubali. Shida ya pili ilikuwa mafuta ya nazi. Wifi yangu alikuwa amejipaka vizuri kwa ajili ya safari, na ule uji mweupe wa kubandikia ukawa unateleza na vibati vinaanguka mapajani. Ilibidi nimwoshe nywele kwa sabuni ya kufulia, huku akilalamika kwamba nimemng'oa nywele zote, tukacheka wote wawili. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kucheka mimi na yeye kwa muda mrefu.

Kazi ya mashine, kama Nzai alivyonieleza baadaye kwa kuchora mchangani, ni hii. Kichwa cha mtu kina umeme mdogo, nao huenda kwa mawimbi. Mtu mwenye wasiwasi, mawimbi yake ni ya vurugu. Akitulia yanakuwa mapana na ya polepole. Mashine inayasikia, kalamu zake zinayachora kwenye karatasi, na yakija yale ya utulivu inatoa sauti. Mtu akiisikia ile sauti hujua yuko njiani, akaifuata, na kichwa chenyewe kikajifunza njia, kama mtoto anavyojifunza kutembea bila kuambiwa kwa maneno. Akishazoea, haihitaji tena mashine. Nilipoelewa, niliona ni jambo la akili. Lakini siku ile ya kwanza Nzai hakuchora. Alisimama nyuma ya pazia akayageuza maneno ya daktari kwa ufupi.

"Mama, daktari asema, mashine hii yasikiliza kichwa chako. Wewe keti tu, utulie, ufumbe macho. Ukitulia, itaitika."

Neno hilo alilichagua kwa nia njema. Huko shuleni kwao huenda kitu chochote huitika. Kwetu kuitika ni kwa mtu, na ni malezi. Mtoto akiitwa kwa jina lake, wa kike huitika labeka na wa kiume huitika naam, na asiyeitika ana kofi lake. Waridi aliyasikia maneno yale kama yalivyosemwa. Mimi nilikuwa nahangaika na kibati kilichokuwa kinambanduka sikioni, sikuwaza kitu.

Siku ya kwanza mashine haikutoa sauti hata kidogo. Siku ya pili ikatoa, kidogo, kisha ikakatika. Ilikuwa sauti ya chini, ya kufumba mdomo, "mm". Nilimwona Waridi akikaza mikono juu ya magoti. Machozi yakamtoka, na yalipomtoka sauti ikanyamaza. Basi akayafuta, akayazuia, akapumua taratibu, na sauti ikarudi. Toka siku hiyo hakulia tena kwenye kile kiti. Alijifunza kwamba akilia inakatika.

Nyuma ya pazia daktari alikuwa amefurahi, twasikia karatasi zake. Kila siku sauti ilikaa zaidi. Ilifika mahali Waridi akifumba macho tu, inakuja, ndefu, nzima, inajaza chumba. Na kule Ukunda akaanza kulala. Alilala mpaka dada yangu akaingia kumtazama kama yu hai. Akala, akaomba pilipili. Alinikosoa namna ninavyoosha mchele, nami nikamshukuru Mungu kwa kukosolewa. Athmani alipokuja kututembelea, alimtazama mkewe akaniambia pembeni kwamba sasa jambo la hitima litakuwa rahisi.

Siku moja tulipokuwa tunarudi Ukunda, tukapumzika kivulini, nikamuuliza anafanyaje kuituliza ile roho, maana mimi mwenyewe singeweza kukaa hivyo hata kwa mshahara. Akanitazama kwa uso wa furaha ambao sikuuona tangu kabla ya Uhuru.

"Namwita."

"Wamwita nani, wifi?"

"Shehe. Namwita kwa moyo, polepole, nisimkasirishe. Naye aitika. Humsikii? Ni yeye, na uvivu wake ule ule. Nilimpiga sana kwa kuitika vile, mdomo amefumba. Sasa aitike apendavyo."

Kwa kweli Shehe alikuwa hivyo, hasemi naam hata mbele ya wageni, ni "mm" tu, na mama yake alimchapa kwa hilo mpaka akashindwa. Nilimshika mkono tukaenda. Asubuhi yake, kabla hajafunuliwa kichwa, nilimwita Nzai nje, nikamsema kwa maneno ambayo sitayarudia hapa. Nilimuuliza nani aliyemfundisha kuwa sanduku la chuma huitika. Kijana wa watu alisimama pale, suruali yake fupi imepigwa pasi, akabadilika rangi alipoelewa. Alisema hakukusudia. Nilijua hakukusudia, ndiyo maana niliumia zaidi, kwa kuwa sikuwa na wa kumpiga.

Nzai akamweleza daktari. Dokta Brandi akatoka nyuma ya pazia, Waridi akajitanda vizuri, na yule Mzungu akachuchumaa mbele yake kama mtoto wake. Alisema maneno mengi. Nzai akayatafsiri akilipima kila moja, akaanza na lake mwenyewe.

"Mama, mimi nilikosea. Ile si sauti ya mtu. Ni ya kichwa chako wewe. Ukitulia wewe, yatoka. Hakuna mwingine mle ndani, ni wewe mwenyewe."

Waridi hakukasirika. Alimjibu kwa upole, kama anavyosemeshwa mgeni asiyejua njia.

"Mwanangu, nimekuelewa. Lakini nikimwita niliyemzaa, ataitika wapi kama si ndani yangu?"

Nzai akamgeuzia daktari maneno yale, neno kwa neno. Walishauriana na daktari kwa Kiingereza muda mrefu. Siku za daktari zilikuwa zinakwisha, ilibaki wiki moja arudi kwao. Na hata bila ya jambo hili, kawaida ya tiba ile ni kwamba mwisho mgonjwa hukaa bila sauti, waone kama kichwa kimejifunza kwenda peke yake. Daktari aliamini kimejifunza. Aliamini kwamba Waridi akitulia bila sauti, na kalamu za mashine zikaandika utulivu ule ule, ataonyeshwa karatasi, naye atakubali kwamba utulivu ni mali yake. Ilikuwa fikra nzuri, ya mtu mwema. Nilimwambia Nzai kwamba siipendi. Akasema hata yeye haipendi, lakini mashine inaondoka kwa vyovyote.

Ilikuwa Alkhamisi. Nilibandika vibati kama kawaida, vidole vyangu vizito. Nzai alitafuta neno kwa muda, mwisho akasema tu, "Mama, leo mashine itanyamaza. Wewe fanya kama siku zote." Waridi akaitika kwa kichwa, akafumba macho. Sijui alisikia nini katika maneno yale.

Chumba kilikuwa kimya. Nilisikia bahari, nikasikia kalamu za daktari zikikwaruza karatasi nyuma ya pazia, kwanza polepole. Midomo ya Waridi ilikuwa inachezacheza. Alikuwa anaita. Kisha nikaona uso unabadilika, paji limejikunja, na kalamu kule zikaongeza mwendo. Akatulia, akaanza tena, kwa upole zaidi, nadhani alidhani amemkasirisha. Kisha kwa nguvu. Kalamu zikawa zinakwaruza kama panya kwenye gunia. Daktari alisema jambo kwa haraka, nadhani alitaka kuirudisha sauti, na Nzai naye akasema jambo. Lakini Waridi alikuwa ameshafumbua macho.

"Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun," akasema.

Aliisema wazi, kwa utaratibu wake, kila neno mahali pake, kama isemwavyo mtu anapoletewa habari ya msiba. Daktari aliuliza nini hicho. Nzai alimjibu kwamba mama anaomba Mungu. Nzai si Mwislamu, lakini ameishi pwani na alijua vizuri alichosikia. Alitoka nje hakurudi mpaka nilipomaliza kuvibandua. Daktari aliwasha ile sauti, akamwomba Waridi ajaribu mara moja tu. Ikalia mm, mm, vipande vipande. Waridi aliisikiliza kwa adabu, kisha akaniambia nimfunge nywele, twende.

Usiku ule alilala. Najua nisemalo, tulilala kitanda kimoja, na mimi ndiye niliyekesha.

Tukarudi Majoreni Jumamosi. Kaka yangu alikuwa bandani kwake, anatengeneza benchi la mtu, vumbi la mbao limemjaa ndevuni. Alitoka akitabasamu, kwa kuwa alituma mtu Ukunda wiki ile akaambiwa mkewe hajambo. Waridi hakumngojea amalize kutupokea mizigo.

"Mume wangu, waite watu. Tumsomee Shehe."

Nilidhani Athmani atasema alhamdulillahi. Aliitaka hitima hiyo kwa miaka, aliigombania, alilalia mbao kwa ajili yake, mara ngapi alinituma mimi nimbembeleze Waridi. Alimtazama mkewe, akanitazama mimi, kisha akaketi juu ya lile benchi ambalo bado lilikuwa na mguu mmoja haujapigwa misumari. Likayumba, akalishika.

"Tungoje kidogo," akasema. "Si lazima sasa. Mji ule ni mkubwa, na meli huenda mbali. Tungoje kidogo, mke wangu."

Hapo ndipo nilipomjua ndugu yangu niliyezaliwa naye. Miaka yote ile alidai hitima kwa sababu alijua hatapewa. Mradi Waridi amekataa, yeye aliweza kusema mtoto amekufa, kila Disemba, kwa sauti kubwa, na usiku akalala akijua hajafa bado. Sasa aliyekuwa akikataa amechoka kukataa, na hakubaki mtu wa kumshikia mwanawe.

Waridi aliketi kando yake, upande ule wenye mguu mzima. Akamshika mkono mbele yangu, jambo ambalo hakulifanya hata siku moja mbele ya watu.

"Nilimwita," alimwambia. "Nilimwita vizuri, sikumpigia kelele. Hayupo, Athmani."

Kaka yangu alilia kwa sauti, mtu mzima yule, mpaka watu wa nyumba ya pili wakatoka. Waridi alimwacha alie, anampangusa vumbi la mbao shingoni kwa ncha ya leso yake, taratibu, kama anavyofanya kila kitu. Walipoanza kukusanyika majirani wakiuliza kuna nini, akainua uso akaniambia nimwendee mwalimu wa chuo cha Kurani.

"Akikuuliza amekufa lini, mwambie Alkhamisi."

Nikajitanda leso yangu, nikaenda kumwita mwalimu.